Swali la lugha: "Fenoli za asali zinatibu mishipa iliyoganda"?

Msomaji wa Tabora anaandaa lebo ya chupa za asali za kikundi chao. Ameandika: "Fenoli za asali zinatibu mishipa iliyoganda." Anauliza kama Kiswahili chake kimenyooka.

Sarufi haina kasoro, ndugu msomaji. Kasoro iko kwenye maneno, na mojawapo linaweza kumdhuru mnunuzi.

"Mshipa" hubeba mengi: wapo watakaoelewa ngiri, na mishipa ya fahamu nayo ni mishipa. Unayokusudia ni ateri, inayotoa damu kwenye moyo; inayoirudisha ni vena. Tena ateri haigandi, kinachoganda ni damu. Mafuta yakijikusanya ndani ya ukuta wa ateri, ukuta hunenepa na kukakamaa, njia ya damu ikawa nyembamba. Damu ikiganda hapo, njia huziba. Kukakamaa, kuganda, kuziba: ukivichanganya vitenzi hivi, msomaji hajui ugonjwa umefika wapi. Andika "ateri zilizokakamaa". Ukipenda "-gumu", basi ni "mishipa migumu" lakini "ateri ngumu", kwa kuwa ateri iko ngeli ya I-ZI.

"Fenoli" peke yake ni kemikali moja inayounguza ngozi. Zilizomo kwenye asali, kama zilivyo kwenye chai na kahawa, ni kundi kubwa la kemikali za jamii yake. Ziite "kampaundi za fenoli".

Linalonitia wasiwasi hasa ni "zinatibu". Kukinga ni kabla ugonjwa haujaingia, kutibu ni baada ya kuingia. Maabara zimeonyesha kampaundi hizi zikipunguza uoksidishaji wa kolesteroli, yaani kuharibika kwake kwa oksijeni, na uharibifu huo ndio unaochangia mafuta kujijenga kwenye ateri. Hiyo bado si tiba. Mgonjwa akiiamini lebo anaweza kuacha dawa alizoandikiwa, huku akila asali ambayo takribani asilimia 80 ni sukari.

Tazama Umoja wa Ulaya ulivyopima maneno mwaka 2012 kuhusu mafuta ya zeituni: polifenoli zake, ambazo ni aina ya kampaundi za fenoli, "huchangia" kukinga mafuta yaliyomo kwenye damu yasioksidike, na hata hilo huruhusiwa pale tu gramu 20 za mafuta hayo zinapokuwa na angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli (mojawapo ya polifenoli hizo) na jamii yake. Neno "kutibu" halimo.

Kwa hiyo lebo yenu iseme: "Asali hii ina kampaundi za fenoli zitokanazo na mimea." Mkitaka kutaja kiasi, pelekeni sampuli maabara kwanza, kwani hubadilika kulingana na maua na msimu.