Benki kukusaidia usimalize mshahara

Umeuliza kama benki inaweza kukusaidia usimalize mshahara wote. Inawezekana mwenzangu, huna haja ya kumpa mtu kadi yako akushikie. Fungua akaunti ya pili ya akiba, kadi usichukue, wala usiiunge na simu. Kisha jaza fomu ya agizo la kudumu: mshahara ukiingia tu, benki yenyewe inahamisha kiasi ulichoandika, hata sokoni Darajani hujafika. Mimi nimefanya hivi tangu mwezi ule niliorudi nyumbani na doti tatu za kanga na ada ya mtoto haijalipwa. Kinachosaidia hasa ni kwamba kuitoa hiyo akiba lazima nisafiri kwenda kupanga foleni kaunta ya benki. Mara nyingi hamu inaisha kabla sijapanda daladala. Kama ni pesa ya kuezeka nyumba, bora akaunti ya muda maalumu, miezi 3 au 6. Ukiivunja kabla, kwa kawaida unapoteza faida. Anayekwepa riba aulizie mudharaba, yaani mpango wa Kiislamu wa kugawana faida na benki; PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) wana huduma za Kiislamu. Ila makato ya hilo agizo la kudumu yajue mwanzo, na pesa ya hospitali usiifunge humo, iache unapoweza kuichukua hata usiku.