Mashine ya kukausha nguo inazunguka bila joto: anza na njia ya hewa kabla ya kununua vipuri

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba mashine yako ina umri wa miaka 13, kwamba ngoma inazunguka vizuri lakini nguo zinatoka baridi na mbichi, na kwamba fundi ameshabadilisha fyuzi ya joto mara mbili tangu Mei na sasa anataka kuiondoa kabisa na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Nakusihi usimruhusu. Shida hiyo ilinikuta hapa South B, Nairobi, na fyuzi haikuwa na kosa lolote.

Mashine kama yako, inayotoa mvuke nje kwa bomba, huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye koili ya moto, kisha kwenye ngoma yenye nguo, halafu feni huivuta kupitia kichujio na kuisukuma hadi nje ya nyumba. Hewa ikipita inavyotakiwa, joto la koili husafiri nayo. Njia ikiziba, joto hukaa palepale na themostati, yaani swichi inayofuata joto, hulazimika kukata na kurudisha umeme kila mara, mpaka siku inaposhindwa na fyuzi ya joto ikaungua ili nyumba isiungue. Fyuzi hiyo hukata mara moja tu na haijirudishi. Ikiwa imeungua mara mbili kwa muda mfupi hivyo, inakuambia kwamba hewa haitoki au themostati imechoka, na ukiiondoa utakuwa umeacha koili yenye moto karibu na vumbi la nyuzi za pamba, ambalo hushika moto upesi sana, bila mlinzi yeyote.

Yangu ilianza kusumbua mwezi wa Julai, wakati mawingu ya Nairobi hukaa siku nyingi bila jua la maana, nasi tulikuwa na mtoto mchanga anayevalishwa nepi za kitambaa. Mzigo uliokuwa ukikauka kwa saa moja ulianza kuchukua saa mbili na nusu, kisha joto likakoma kabisa. Nilinunua fyuzi Luthuli Avenue, nikaifunga, ikadumu siku tisa. Ndipo nilipoisogeza mashine na kulichomoa bomba la plastiki lenye mikunjo, ambalo lilikuwa limelegea na kufanya tumbo sakafuni kabla ya kupanda hadi kwenye tundu la ukutani. Ndani ya tumbo lile kulikuwa na maji yapatayo glasi moja yaliyochanganyika na nyuzi yakawa uji mzito wa kijivu. Nilipotoka nje kutazama kifuniko kinachopaswa kufunguka kwa upepo wa mashine, nilikuta waliopaka rangi jengo letu wamekipaka pamoja na ukuta, nacho kimegandia. Kwa miezi kadhaa mashine ilikuwa ikipumua kupitia nyufa tu.

Nilikikwangua kifuniko, nikaweka bomba gumu la alumini la inchi 4, fupi, lenye kona moja tu, na viungo vyake nikavifunga kwa utepe wa alumini badala ya skrubu, kwa sababu ncha za skrubu hunasa nyuzi. Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote: washa mashine, toka nje, weka kiganja mbele ya tundu. Kama upepo hausikiki, umeshapata pa kuanzia.

Kichujio nacho hudanganya. Chako kinaweza kuonekana safi ilhali dawa ya kulainisha nguo imeacha utando usioonekana kwenye wavu wake. Kimiminie maji ya bomba. Yakituama juu badala ya kupita, kisugue kwa brashi laini na sabuni ya vyombo, kisha kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Njia ya hewa ikishakuwa safi, ndipo upime vipuri kwa multimita, kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, na plagi iwe imechomolewa. Fyuzi nzima hupitisha umeme, iliyoungua haipitishi. Koili ya wati 2,400 kwenye umeme wetu wa volti 240 inapaswa kusoma takriban omu 24 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Isiposoma kitu, imekatika. Na ikiwa inapitisha umeme hadi kwenye bati la mashine, usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Themostati zibadilishwe pamoja na fyuzi, kwa kuwa hazina bei kubwa na zimezeeka pamoja.

Kelele ni jambo jepesi zaidi: mlio mkali mara nyingi ni wa magurudumu yanayobeba ngoma, na ngoma isiyozunguka ilhali mota inaunguruma huwa ni mkanda uliokatika au kapasita, kipuri kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, iliyokufa.

Usipuuze soketi. Mashine hiyo huvuta takriban ampea 10 kwa muda mrefu, na niliwahi kukuta plagi yangu imegeuka rangi ya kahawia upande wa pini moja kwa sababu nilikuwa nikitumia waya wa kuongezea uliokunjwa nyuma ya kabati. Ichomeke moja kwa moja ukutani, na baada ya nusu saa uiguse plagi: uvuguvugu ni kawaida, lakini ikikuunguza, soketi ibadilishwe.

Kwa msimu huu wa baridi, acha dirisha la chumba hicho wazi kidogo, maana mashine haiwezi kusukuma nje hewa ambayo haipati pa kuivuta, na uzikamue nguo kwa mzunguko wa kasi zaidi kwenye mashine ya kufulia kabla ya kuzikausha. Mimi huandika kwa penseli, kwenye karatasi niliyobandika ubavuni, dakika ambazo mzigo wa taulo umechukua. Zikipita 70, nalichomoa bomba nililisafishe kabla ya kufua tena.