Maswali na majibu: Uso wa Juktas na jua la Krete

Ule mlima wa Krete wenye uso wa mtu aliyelala chali, nani aliuchonga? (Msomaji, Tanga)

Hakuna aliyeuchonga. Juktas ni mlima wa mawe ya chokaa wenye mita 811, kusini mwa Heraklion, mji mkuu wa kisiwa cha Krete, Ugiriki. Paji, pua na ndevu unavyoviona ukiwa mjini ni mgongo wa mlima tu.

Nilikwenda Julai, nikautazama saa 7 mchana, sikuona uso wowote. Wenyeji wanatupiga chenga? (Msomaji, Mombasa)

Barua za namna hii nimezichoka. Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki ni sawa na za Mombasa, lakini Krete iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua hufika juu kabisa angani saa 7 na dakika 20 hivi. Ulichagua saa mbaya kuliko zote! Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri huko hupanda hadi nyuzi 78, karibu utosini. Vivuli hunywea, ukungu wa joto hufifisha mlima, na mlima na anga huwa rangi moja. Rudi jua likizama: mlima unakuwa mweusi, anga bado nyeupe, na pua inajitokeza yenyewe. Au nenda Desemba, jua la adhuhuri likiwa nyuzi 31 tu. Vivuli vipo mchana kutwa na watalii hawapo.

Macho yetu yana njaa ya nyuso. Mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima cha Mirihi jua likiwa chini, watu wakaona uso. Picha kali zaidi za 1998 na 2001 zilionyesha kilima cha kawaida.

Na tafadhali, usipande huko mchana wa kiangazi kutafuta pua. Juni 2024 watalii kadhaa walifariki katika visiwa vya Ugiriki wakitembea juani.

Zeus kazikwa pale? (Msomaji, Bujumbura)

Wakrete wa kale walidai kaburi la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, liko kwao, na baadaye watu wakaliweka Juktas. Kalimako, mshairi wa Kigiriki wa kale, alikasirika: mungu hafi, Wakrete ni waongo siku zote. Wasomaji wa Biblia wanayajua maneno hayo kutoka Tito 1:12. Kilichopo kwa hakika juu ya mlima ni mahali pa ibada pa Waminoa, watu wa Krete wa kale kuliko hadithi zote hizo. Kama wao nao waliona uso, hawakutuachia neno tunaloweza kulisoma. Maandishi yao hayajafumbuliwa hadi leo. Kwa hiyo waongozaji wanaosema "Waminoa waliabudu uso" wanauza hewa.

Kisiwa cha Pontikonisi, Corfu, ni meli ya Odiseo iliyogeuzwa jiwe? (Msomaji, Muscat)

Someni Odisea ya Homeri kabla ya kuuliza. Poseidoni, mungu wa bahari, aliigeuza kuwa jiwe meli ya Wafeaki, mabaharia waliomrudisha shujaa Odiseo kwao, si meli ya Odiseo mwenyewe. Na mwamba mmoja karibu na Paleokastritsa nao unapewa sifa hiyohiyo.

Programu gani ya simu inafanya uso uonekane vizuri? (Wengi)

Hakuna. Mkishaongeza weusi na rangi ya machungwa kwenye picha, huo ni uso wenu, si wa Juktas.

Jua linazama saa ngapi Heraklion? (Wengi, tena)

Mwishoni mwa Juni, kama saa 2 na dakika 40 usiku. Mwishoni mwa Desemba, saa 11 na robo jioni. Fikeni nusu saa kabla, na msiondoke mara tu jua linapozama kama wafanyavyo watalii wa kisiwa cha Santorini.