Jibu: "klutz", "butterfingers" na "duffer" siyo mzembe

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini kamusi yako inatafsiri "klutz", "butterfingers" na "duffer" yote kuwa "mzembe", na utumie lipi wapi. Kwanza achana na hilo "mzembe". Mzembe hajali, hawa wanajitahidi, ila mikono au ujuzi unawaangusha.

Sasa angalia kilichoharibika. Mtu kadaka mpira ukamponyoka? Huyo ni "butterfingers", yaani vidole vya siagi. Ile s ya mwisho haiondoki hata ukimsema mtu mmoja, na neno lenyewe hurushwa papo hapo kama utani. Akijikwaa, akagonga meza na kumwaga maji, ni "klutz", neno la Wamarekani lililotoka Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya), ambako asili yake ni gogo. "Duffer" ni la Waingereza zaidi na halihusu kuangusha vitu: ni asiyeuweza mchezo au kazi, hasa gofu.

"Noob" usiliweke humo, huyo ni mgeni tu wa mchezo. Na "cack-handed", yaani asiye na ustadi wa mikono, litumie kwa tahadhari, maana pia humsema anayetumia mkono wa kushoto.