Muulize Fundi: Moshi kwenye mlango wa msaji

*Shikamoo Fundi. Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga. Kuchonga nimefundishwa na mjomba, kwa patasi na nyundo ya mti. Mwaka huu nimenunua mashine ndogo ya mkono ya kuzungusha biti (vile vichwa vya kukatia), pamoja na boksi la biti thelathini zinazometameta. Nina kazi ya fremu ya mlango, mbao ni msaji wa shamba la miti la Longuza, nakshi ya mnyororo na maua. Nikigusa tu, moshi. Mbao inakuwa nyeusi na biti inajaa unga mgumu kama lami. Muuzaji ananiambia nichukue boksi la bei kubwa zaidi. Kosa ni la biti, la mashine au la mkono wangu?*

Marahaba mwanangu. Mkono wako uache kwanza. Chukua biti moja katika hizo thelathini, ipitishe juu ya ukucha wa kidole gumba. Kama inakwaruza kama msasa na huoni jino hata moja, hiyo ni ya almasi: chembe ndogo za almasi zimegandishwa juu ya chuma. Kazi yake ni kusaga kioo, mawe na vigae. Nyuzi za mbao haizikati, inazisugua mpaka zinapata moto. Na msaji una mafuta yake ya asili. Unga ukichanganyika nayo unaziba nafasi kati ya chembe, kisha biti inabaki kijiti laini kinachopekecha mbao kama mtu anayewasha moto porini.

Usizitupe lakini. Siku ukichonga mpingo, ukabakiwa na kulainisha kope za kinyago, zitakufaa. Gusa na kuachia, gusa na kuachia.

Kwa mlango wako nunua biti za kabaidi, ile madini ngumu kuliko chuma cha kawaida. Msaji una silika ndani yake, yaani jamaa ya mchanga, ndiyo maana hata patasi ya mjomba inaisha makali upesi. Biti za chuma cha kawaida zinakata vizuri kwenye mbao laini na zinaacha uso safi, ila kwenye msaji hazidumu. Kabaidi inastahimili. Udhaifu wake ni kwamba haipendi kuanguka: ikigonga sakafu ya saruji inaweza kumeguka jino. Mimi natandika gunia chini ya meza.

Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa. Kabaidi nyingi ninazozikuta madukani ni za mafundi vyuma. Utazijua kwa meno madogo yaliyopishana kama ya tupa. Kwenye chuma ni moto wa kuotea mbali. Kwenye msaji zinajaa unga kabla hujamaliza ua moja. Wewe tafuta yenye mifereji mipana inayoelekea upande mmoja, au ile yenye miiba iliyosimama mmojammoja kama ganda la fenesi. Hiyo ya miiba ndiyo ya kuondolea mbao nyingi. Hujaza unga kidogo, na ikijaa husafishika.

Maumbo? Matatu yanatosha kuanzia. Ya mviringo kama gololi kwa matumbo ya maua, ya mwali wa mshumaa kwa kona za ndani za mnyororo, na ya mche duara wenye kichwa cha mviringo kwa kupunguza mbao. Boksi la thelathini ni la kumfurahisha muuzaji.

Kabla ya kulipa, pima unene wa mguu wa biti, ile sehemu inayoingia kwenye mashine, kwa kalipa, kile kipimo cha unene. Kuna mili 2.35, kuna 3, kuna 3.2, kuna 6, na kuna robo inchi ambayo ni 6.35. Kwa macho, 6 na 6.35 ni mapacha. Ya robo inchi haitaingia kwenye kibanio (kile kinachoshika biti kwenye mashine) cha mili 6, na ya mili 6 kwenye kibanio cha robo inchi haibaniki sawasawa. Nunua kibanio cha saizi yake. Usizungushie karatasi wala nailoni mguu wa biti, hata kama umemwona mtu kafanya.

Halafu tazama mzunguko. Mashine ndogo kama yako nyingi hufika 30,000 kwa dakika na zaidi, lakini kila biti ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye pakiti, na kadiri kichwa kinavyokuwa kikubwa ndivyo kikomo kinavyoshuka. Hili nimelilipia. Nilitaka kufika ndani ya kona, nikaichomoa biti ya mguu mrefu mpaka ikabaki imebanwa kwa ncha tu, nikawasha kwa kasi yote. Mguu ulijikunja kama ndoana, ukakatika, kichwa kikatoboa ndoo ya maji iliyokuwa nyuma yangu. Ningekuwa nimesimama pembeni kidogo, barua yako angeijibu mtu mwingine. Ingiza mguu wote, rudisha nje kidogo sana, kisha bana. Na vaa miwani ya kazi.

Ukishaanza, peleka biti upande unaohisi inakupinga. Ukiipeleka upande inaotaka kukimbilia, itapanda ukingo na kukuharibia mnyororo. Kidole gumba kikae juu ya mbao muda wote.

Ardhi ya nakshi, ule uwanda ulio nyuma ya maua, maliza kwa patasi. Mashine inaacha mawimbi ambayo mchana huyaoni; weka taa ubavuni usiku uone aibu yake.

*Fundi, biti zangu zimejaa utomvu wa mfenesi. Nizichome kwa moto? (Magomeni, Bagamoyo)*

Ziloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi sugua kwa brashi ya waya wa shaba, futa, anika zikauke kabisa kabla ya kuwasha mashine. Za almasi usizipeleke kwenye moto hata kidogo, chembe zitabanduka.

*Shikamoo. Nikichonga mpingo kwa mashine naanza kupiga chafya na mikono inawasha. Wenzangu wanasema nitazoea. (Pangani)*

Marahaba. Hutazoea, wenye mzio wa mpingo huzidiwa kadiri siku zinavyokwenda. Patasi inatoa vipande, mashine inatoa vumbi jembamba linaloingia mpaka ndani ya mapafu, na vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vaa barakoa yenye chujio, mikono mirefu, kaa upepo ukupige mgongoni, na oga kabla hujambeba mtoto. Ukiona kifua kinabana, acha kazi siku hiyo hiyo uende hospitali, na mwambie daktari jina la mti.