Kabla ya kununua kiyoyozi, itazame ramani ya nyumba

Anayejenga Dar es Salaam huanza kwa kuuliza bei ya bati na tofali, na suala la jua litakuwa upande gani saa kumi jioni huachwa mpaka familia imekwisha kuhamia. Nilipojenga Kigamboni, fundi alitaka vyumba vielekee barabarani, yaani magharibi, kama zilivyo nyumba zote za mtaa ule. Nilisisitiza pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi, zenye stoo na choo, ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Hakupendezwa, lakini ukiugusa ukuta wa magharibi saa tatu usiku mwezi wa Februari utaukuta bado una uvuguvugu, na joto hilo linaishia stoo badala ya chumba cha kulala.

Ushauri wangu mkubwa zaidi unahusu paa. Mtindo wa paa la kuficha, yaani paa lililozungushiwa ukuta ili lisionekane kwa nje, ambao siku hizi ndio unaohesabiwa kuwa wa kisasa (sijui kwa nini), huondoa upenu, hivyo kuta na madirisha hubaki wazi kwa jua na mvua, huku maji yote ya paa yakitegemea mfereji uliojificha nyuma ya ukuta, ambao ukiziba kwa majani wakati wa masika huvujia darini. Mimi niliacha upenu wa karibu mita moja, nikaezeka bati jeupe, na nikamtaka fundi aache matundu yenye wavu chini ya upenu na juu kwenye pembe za paa, ili hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari ipate pa kutokea.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni hufunguka nusu tu. Ya bawaba hupitisha upepo wa kusi na wa kaskazi kwa upana wake wote.

Kuhusu tofali za udongo za kufungamana, ambazo hushindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo bila kuchomwa kwa kuni, pima udongo wako kwanza: utie katika chupa ya maji, uitikise, uiache hadi kesho yake, kisha utazame mchanga uliotuama chini na mfinyanzi ulio juu yake. Kiwanja changu kilikuwa mchanga mtupu. Kuleta udongo kwa lori kungemeza nafuu yote, kwa hiyo nilijengea tofali za kawaida za saruji.