Second Life darasani bila miwani ya VR
Kama unajiuliza iwapo lazima uwe na miwani ya VR (ile ya kuvaa machoni ujione uko ndani ya ulimwengu wa kompyuta) ili kufundishia Second Life, ule ulimwengu wa 3D wa mtandaoni ambamo kila mtu anatembeza kikaragosi chake, jibu ni hapana, kitu chenyewe kipo tangu 2003 na kinatumia kompyuta ya kawaida tu, kibodi na mausi basi. Nimefundisha humo mihula miwili ndo maana najua. Ila intaneti isiwe ya kusuasua, la sivyo wanafunzi utawaona kama vijiwingu vya moshi mpaka wapakie, na kipindi cha kwanza usipange somo kabisa, kitaishia watu kujifunza kutembea na kubadili nguo, huyu kakwama ukutani yule anapaa juu ya paa (mi mwenyewe nilishaongea nusu saa nimewapa mgongo). Kama kukodi ardhi humo ni gharama cheki OpenSimulator, programu ya kutengeneza ulimwengu kama huo, ni bure, unaiweka kwenye seva yako.